Usiuache Waya Ukauke

Nyie vijana mnaonikuta hapa Kilindoni, barazani mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi, mnaniamkia shikamoo, nawaitikia marahaba, halafu mnarudi kwenye vioo vyenu. Mnadhani huyu mzee kazaliwa na mabati na saruji. Kwanza mzee sijawa, mvi hizi ni za ukoo. Pili, mabati haya yamekuja juzi tu. Kabla ya mabati nilikuwa na kazi ambayo katika kisiwa kizima cha Mafia aliifanya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye huyu anayewaandikia. Nilikuwa mdomo wa watu. Na masikio yao, ukipenda.

Juzi kijana mmoja alikuja kununua misumari, akasikia watu wananiita Mdomo, akauliza jina hilo limetoka wapi. Nikamwambia nilikuwa nawapigia simu viziwi. Akacheka, kana kwamba nimemwambia nilikuwa nakamua maziwa ya kuku. Nikaona basi, niyaandike. Darasa nililoishia sitalitaja, maana mwalimu wangu bado yu hai na sipendi ajisikie vibaya. Lakini kusema najua, na kuandika ni kusema kwa mkono, na kusema kwa mkono nani kisiwani hapa atanifundisha mimi?

Kwanza muelewe mambo yalivyokuwa. Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa bado changa. Simu za mkononi zilikuwa za kuhesabika, nzito kama pasi ya mkaa, na ukitaka mtandao ulitafuta kilima. Mtu wa kawaida mwenye ndugu Dar es Salaam, Tanga au Kilwa alikuja mjini Kilindoni, kwenye duka lenye simu ya mezani, akapanga foleni. Sasa wewe kiziwi unapanga foleni ya nini? Bibi aliyepigwa na kiharusi, ulimi umelala, anapanga foleni ya nini? Ndipo nilipoingia mimi.

Mteja alikaa kwenye kiti, uso kwangu. Mkonga wa simu niliubana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili ikabaki huru. Wa upande wa pili akisema, nayageuza maneno yake kuwa alama za mikono. Mteja akijibu kwa mikono, mimi nayatia sauti. Mnaona shingo yangu inavyolalia kulia? Watu husema ni kiburi. Kiburi ninacho, lakini shingo ni ya mkonga.

Mikono niliipata bure. Nimezaliwa Ndagoni, na nina ndugu wa kunyonya anaitwa Athumani. Mama yake alininyonyesha wakati mama yangu anaumwa. Athumani homa ilimchukua masikio kabla hajaota meno yote. Pale kijijini hakuna aliyeona ajabu. Tulicheza naye kwa mikono, tukagombana kwa mikono, na matusi yake ya mikono mpaka leo hayana tafsiri. Alipokua akawa mzamiaji wa pweza, na kila kitu cha baharini alikipa alama. Pweza, vidole vinaning'inia. Papa, kiganja kimesimama utosini. Hifadhi ilipokuja akaipa alama siku ile ile: vidole viwili machoni kwake, kisha vinaelekezwa baharini. Jicho linaloangalia maji. Hakuna mkutano wa kijiji ulioeleza jambo lile kwa ufupi kuliko yeye.

Kuna siku boti ya doria ilimwita kwa kipaza sauti. Athumani kichwa ki majini. Alipoibuka akawaona, akadhani ni wateja, akanyanyua pweza mkubwa na kuwatajia bei kwa vidole. Wale wakadhani wanafanyiwa dhihaka. Wakaja naye ufukweni, mambo kwa heshima tu, ila hakuna anayemwelewa mwenziwe. Mjumbe wetu wa Ndagoni, mtu mwema sana, akawaambia msihangaike, yuko ndugu yake Kilindoni, yeye ndiye huzungumza naye. Wakaenda wote ofisini kwao penye simu, wakapiga dukani, nikaitwa. Mjumbe akasema, "Subiri, huyu hapa," akampa Athumani mkonga azungumze na mimi.

Nikasikia pumzi. Nikaita, pumzi. Athumani, naambiwa, alikuwa ameutazama mkonga ule kama mtu aliyepewa kiatu kimoja, kisha kwa adabu akauweka sikioni na kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Watu wa doria ndio walioanza kucheka, mjumbe akafuata, na shughuli ikaishia kwenye kicheko. Bei ile ile aliyowatajia ndiyo waliyonunulia pweza. Funzo la kazi hapo: mdomo ukae anakoonekana mwenye maneno. Mbali na macho yake wewe si kitu.

Niliingiaje kwenye duka lenye simu? Begani na gunia. Nilikuwa hamali, napandisha mizigo kutoka bandarini mpaka duka la Bhai Taher. Huyu Bhai alikuwa Mhindi wa hapa hapa, babu yake kazikwa Kilindoni, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aliuza mafuta ya taa, vitambaa, kamba, sukari. Mama yake, sote tukimwita Bibi, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja ulilala, na ulimi pamoja nao. Kila Ijumaa mwanawe mwingine alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Bibi akiwekewa mkonga, chozi linamtoka, basi Bhai anauchukua na kusema mama hajambo, anakusalimu.

Ijumaa moja mimi natua gunia la sukari, naona mkono wa Bibi ulio mzima unakwenda mdomoni, unarudi, unaonyesha simu, unakunja kidole. Mtu aliyelelewa na Athumani haoni mkono unapapasa, anaona mtu anasema. Nikamwambia Bhai, "Mama anauliza mwanawe anakula nini huko, maana sauti yake imekonda." Bhai akamtazama mama yake. Bibi akatikisa kichwa mpaka kilemba kikasogea. Bhai akanipa mkonga na mikono yangu yote ina vumbi la magunia, akasema, "Sema wewe."

Nikaanza kwa heshima zote: mama anasema hivi, mama anasema vile. Bibi akanigonga upepeo wa ukili kichwani. Nikaanza tena: mama anasema. Upepeo. Akajigonga kifuani kwa kile kidole chake. Bhai ndiye aliyeelewa. Akaniambia, "Hataki umsemee kama umbea. Sema mimi."

Basi nikashusha pumzi, mimi hamali wa Ndagoni mwenye sauti ya kuita mashua, nikasema, "Mwanangu, mimi mama yako. Unakula nini?"

Upande wa pili mtu mzima akalia. Nami nilikuwa sijapangusa jasho la gunia lile. Kesho yake Bhai aliniambia niache magunia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza nimefundishwa na bibi asiyesema: useme "mimi", maneno ni yake, wewe ni koo tu. Ya pili ni ya Bhai. Yeye alikuwa akinisikiliza huku anapima kamba, akagundua kwamba mteja akianza kuongea kwa mikono, upande wa pili husikia kimya, hudhani simu imekatika, na hukata. Akanipa dawa yake: "Usiuache waya ukauke. Mikono ikisema, wewe tia maji kidogo. Sema eeh. Sema ngoja, anaeleza. Sema lolote lisilo lako wala si lake." Mimi nikawa fundi wa "eeh". Nilikuwa nazo eeh za aina nyingi, eeh ya furaha, eeh ya msiba, eeh ya bado-yuko-njiani. Mtu wa Tanga alisikia eeh yangu akajua ajiandae kwa habari gani.

Kanuni ya tatu niliipata kwa aibu, na aliyenifundisha ni yule yule Athumani. Mkewe alikasirika akarudi kwao Kilwa. Athumani akaja dukani, akakaa kitini, akamporomoshea yule mwanamke maneno ambayo, nimeshasema, hayana tafsiri. Mimi nikaona huyu ndugu yangu kapandwa na hasira, nikayapaka samli. Yeye kasema jambo la ukoo wa mkewe na nyani, mimi nikasema, "Mke wangu, nyumba imekuwa kubwa bila wewe." Basi wiki iliyofuata mwanamke huyo, kashuka chomboni na kikapu cha maembe, kavaa kanga mpya. Athumani akaja dukani mbio kuniuliza nilisema nini. Nilipomweleza alinikimbiza mpaka sokoni.

Wanaishi pamoja mpaka leo na wana wajukuu. Mimi husema niliiokoa ndoa. Athumani husema nilimnyima haki yake ya kutukana, na kila Idi ananidai tusi lake lirudiwe. Lakini Bhai hakucheka. Aliniambia, "Leo limegeuka heri. Kesho mtu atakuja na neno ambalo lazima lifike kama lilivyo. Utamfikishia, au utampaka samli?"

Kesho hiyo ilikuja, na jina lake Siti.

Siti alikuwa binti wa Kiegeani, kiziwi tangu kuzaliwa, hakwenda shule yoyote. Alikuwa na shamba lake la mwani, na mwani wake ulikuwa safi hata wanunuzi wakiuita kwa jina lake. Kiegeani yote ilizungumza naye. Muuza vitumbua, wanawake wa mwani, imamu, kondakta wa gari la Utende, kila mmoja alikuwa na mikono ya kutosha kumsalimu na kumtania. Mikono ya Kiegeani si ile ya Ndagoni, nilikwenda kukaa nao nikajifunza upya, jambo ambalo mtu mwenye kiburi cha bure asingefanya. Babake alikwishafariki. Alibaki na mama yake, Bi Hadija, na ami yake, Mzee Kombo, aliyeuza nazi Mbagala. Huyo ami ndiye aliyekuwa walii wake. Yaani kumwoza au kutomwoza kulikuwa mkononi mwake.

Jumatano moja alasiri Ami Kombo akapiga simu kutoka duka la jirani yake Mbagala. Siti na mama yake walikwishaitwa, wamekaa mbele yangu. Akasema mfanyabiashara wa pweza, mtu mwenye nyumba ya matofali Dar es Salaam, mtu wa heshima na sala zake, kaleta posa. Yeye ami ameona ni heri. Ndoa itafungwa Ijumaa msikitini huko huko, kisha binti atapelekwa kwa mumewe. Sasa anatimiza la sheria, anataka idhini ya bikira.

Nyie mliokaa madrasa mnajua mila yetu hapo. Mwanamwali akiulizwa, haya humshika, hasemi ndiyo. Akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Ndivyo walivyoulizwa mama zetu na bibi zetu. Ami Kombo alikuwa mtu wa mila, na hakupenda dume kama mimi niwe katikati ya jambo la binti. Akaniambia, "Muulize, kisha ufunge mdomo wako kabisa. Wala eeh sitaki. Nataka nimsikie yeye."

Nikamuuliza Siti. Nikafunga mdomo.

Siti alimtazama mama yake, akauliza ataishi wapi. Bi Hadija akaonyesha bara. Siti akauliza huko nani ana mikono. Bi Hadija akainamisha uso. Basi Siti akanigeukia mimi na kuanza kusema. Alisema kwa mikono yote, kwa mabega, kwa macho. Kwamba huko hamjui mtu. Kwamba atakaa katika nyumba ya matofali kama mtungi. Kwamba hapa akitoka nje watu wote wanazungumza naye, huko akitoka nje ndipo atakapokuwa kiziwi. Alikuwa bado anasema, jasho linamtiririka kwenye paji, na mkongani hakuna kinachosikika ila sauti ya kanga yake ikimpiga mkononi.

"Alhamdulillahi," akasema Ami Kombo. "Kanyamaza." Akakata.

Siti alikuwa bado katikati ya maneno. Alipoona nimeshusha mkonga alisita, mikono hewani, akauliza, "Amesema nini?"

Nimebeba magunia ya chumvi mgongo mtupu. Sikubeba kitu kizito kama jibu la swali lile.

Tukapiga simu Mbagala saa ile ile. Mwenye duka akasema Mzee Kombo keshaondoka, kaenda kwa mposaji kupeleka habari njema. Alhamisi tukampata. Nikaanza kueleza, akaniambia jambo la wanawake limekwisha, mwanamwali akishanyamaza kanyamaza, na kwamba mimi nitafute kazi ya kiume. Akakata tena. Bi Hadija akalia, akasema hana nauli wala chombo cha kumfikisha Mbagala kabla ya sala ya Ijumaa. Na kama ndoa ikishafungwa, nani atasimama aseme haikuwa?

Ijumaa asubuhi Siti na mama yake walishuka kwenye gari la kwanza, Siti katoka na nguo za shambani, vipande vya mwani vimekaukia kwenye kanga. Bhai Taher aliacha wateja wake kwenye mizani. Akachukua mkonga yeye mwenyewe, akaomba Mzee Kombo aitwe, akangoja, na alipokuja akamsalimu kwa salamu ndefu ya watu wazima. Kisha akasema, "Mzee mwenzangu, mama yangu amekufa hana ulimi, na mpaka anakufa alikuwa akisema nami. Sikuombi ukubali kitu. Nakuomba usikilize tu, mpaka mwisho, usikate."

Upande wa pili ukaguna. Bhai akanipa mkonga na kunishika bega lile la upande wa shingo. Nikakumbuka Bibi na upepeo wake. Nikakumbuka samli.

"Ami," nikasema, "shikamoo. Mimi Siti."

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea tu, kisha akashtuka. "Siti gani mwenye ndevu? Sauti ya mwanamume inaniambia haitaki kuolewa, nami niamini? Nitajuaje kama hayo si yako wewe, labda wewe ndiye unayemtaka?"

Nikaigeuza yote kwenda mikononi, hata ndevu. Siti alitabasamu kidogo nilipofika kwenye ndevu. Kisha akanyoosha mgongo, akasema, nami nikawa koo lake, taratibu, neno kwa neno:

"Niulize jambo ambalo huyu halijui."

 Ami Kombo akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini: siku ya kumzika babako nilikupa nini?

Siti hakufikiri hata kidogo.

"Hukunipa kitu. Watu waliingia na kutoka, wote wanatikisa midomo, hakuna aliyeniambia. Nilidhani ni sherehe. Wewe ndiye uliyenishika mkono, ukanipeleka ndani, ukauweka mkono wangu juu ya kifua cha baba. Kilikuwa hakipandi wala hakishuki. Nikajua. Toka siku ile jina lako ni hili."

Na hapo aliweka kiganja kifuani. Mimi nilikuwa nimeiona alama ile miaka yote, kila alipomtaja ami yake, na kwa ujuaji wangu wote nilidhani inamaanisha yule mzee ana pumu. Nikalazimika kuieleza simuni: "Ami, anaweka kiganja kifuani. Ndivyo anavyokuita."

 Siti akaendelea, nami nikaendelea.

"Wewe peke yako ndiye uliyeniambia. Leo umefanya kama wale wengine. Juzi ulichokisikia hakikuwa kimya. Nilikuwa nasema. Nilisema sitaki, kwa sababu huko hakuna atakayenishika mkono. Ami, sitaki. Huyu hajapunguza na hajaongeza."

Ya mwisho ile aliisema kunihusu mimi, na niliitamka hivyo hivyo, maana kanuni ni kanuni.

Waya ukakauka. Safari hii ulikauka upande wa Mbagala. Nilisikia magari ya huko, nikasikia mtu anauliza bei ya nazi, ila Ami Kombo hapana. Bhai kashika kamba bila kuipima. Bi Hadija kaziba mdomo kwa kanga. Siti akaniuliza anasema nini. Nikamjibu hasemi, kanyamaza. Binti yule akanitazama, na katika shida yote ile, akaonyesha kwa mikono swali ambalo sijasikia mtu akimuuliza walii wake tangu nizaliwe. Nikalifikisha kama lilivyo:

"Ami, umenyamaza. Na wewe umeridhia?"

Kikatoka kitu ambacho sikujua ni kikohozi, kicheko au kilio. Nafikiri vyote. Kisha akasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie nakwenda kwa watu wale sasa hivi, kabla ya adhana." Akasita. "Kifuani, umesema? Kiganja?"

"Kiganja," nikasema, na hilo nililisema kwa sauti yangu.

Wale wenye posa walielewa, Mungu awalipe; mposaji alipoelezwa alisema hata yeye hataki mke aliyeulizwa nusu. Siti alirudi shambani kabla maji hayajajaa.

Baada ya hapo kazi ilishamiri kweli kweli. Walikuja viziwi wa Jibondo na wa Kirongwe, walikuja wenye kigugumizi, alikuja mzee aliyekatwa koo hospitali akabaki na mluzi tu, na mluzi wake nikaujua. Akaja pia binti mmoja kutoka bara, kasomea lugha ya alama, akatufundisha alama za shule na mimi nikakaa kwenye mkeka na wenye umri wa wanangu. Akaniambia kazi yangu inaitwa ukalimani. Nikamwambia asante, lakini hapa inaitwa Mdomo. Kisha zikaja meseji, kiziwi akaanza kujiandikia mwenyewe. Kisha hizi simu za picha. Sasa Athumani anamtukana mtu wa Kilwa uso kwa uso, hakuna wa kumpakia samli. Bhai Taher ametangulia mbele ya haki. Ile simu ya mezani alinipa mimi, ipo kabatini dukani, nyuma ya bawaba. Mara nyingine naubana mkonga begani, naona shingo inajua mahali pake.

Watu wakiniuliza nilistaafu lini, wanatarajia niseme simu za picha zilipoingia. Sivyo. Nilistaafishwa mapema zaidi, mchana, mbele za watu.

Ilikuwa Kiegeani, Siti anaolewa na fundi mashua wa pale pale, kijana ambaye huwezi kumnyamazisha mikono hata akiwa ameshika randa. Ami Kombo alikuja kutoka Mbagala siku nyingi kabla, tukadhani amekuja kupumzika. Siku ya ndoa nami nikavaa kanzu, nikakata kucha, maana mkalimani ni mikono yake. Wakati wa walii kuingia ndani kumuuliza bibi harusi ulipofika, nikainuka na mashahidi kama ilivyo ada. Ami Kombo akaniwekea mkono kifuani kunizuia.

"Leo kaa mlangoni, Mdomo," akasema. "Nikikwama, utanikwamua."

Nikasimama mlangoni. Ndani wanawake wametulia, udi unafuka, Siti kitandani kafunikwa kanga nyekundu mpaka kwenye nyusi, mikono yake ya hina ndiyo inayoonekana. Ami Kombo alikaa mbele yake, kwenye mkeka, mzee mzima. Akaweka kiganja kifuani kwake: mimi. Akamwonyesha yeye. Kisha kwa vidole vizito vya kupasulia nazi, polepole, huku Bi Hadija anamtazama kama mwalimu, akamuuliza kama anamtaka huyu fundi awe mumewe. Alikosea kidogo kwenye fundi, akamfanya muuza samaki. Nilitaka kumrekebisha. Nikajizuia.

Siti alimtazama ami yake muda mrefu. Halafu akainamisha macho, na mikono ile ambayo sijapata kuiona imelala tangu nimjue, akaishusha mapajani, mmoja juu ya mwingine, ikatulia. Haikutikisika hata kidole.

Shehe pale karibu nami akaninong'oneza, anasema nini?  Ami Kombo alikwishageuka, macho yana maji, akatuambia sote:

"Nimesikia."